Yah: Mlima wa Bwana Ithel, Ambao kwa Haki Ni Msitu

Pen Rhos,
Llanwrgan.
11 Juni

Kwa Mhariri wa Y Gorlan,
Gazeti la Kijiji na Vitongoji Vyake,
Chumba cha Nyuma, Kanisa la Seion.

Ndugu Mhariri,

Natanguliza salamu kwa heshima ya cheo chako, ingawa jana tulipokutana dukani ulijifanya unasoma maandishi ya pakiti ya chumvi. Natumaini hujambo, mkeo hajambo, na yule mbwa wenu aliyekula glavu yangu ya kushoto bado anakula vizuri. Mimi sijambo kidogo tu. Nina mikwaruzo kumi na saba miguuni, nimeihesabu mbele ya shahidi, na moyoni ninao mmoja, ambao ndio unaoniandikisha barua hii.

Lalamiko langu linahusu neno moja lenye herufi tatu (wasiojua kuhesabu watasema nne, lakini katika lugha yetu ll ni herufi moja). Neno hilo ni allt. Nimeandika kwa wino, si kwa penseli, ili usije ukadhani ni mzaha.

Wasomaji wako wengi wananifahamu, maana kijiji hiki kina watu mia na tisini na hakuna asiyejua mwenzake kapika nini. Lakini kwa faida ya wale wanaolipata gazeti kwa posta, mimi ni Tegwen Probert, mpishi mstaafu wa shule, mjane wa Emlyn. Mimi ni mzaliwa wa kusini, bonde la mto Teifi. Nililetwa kwenu kaskazini na mapenzi miaka thelathini na nne iliyopita, na hakuna aliyewahi kunirudisha.

Sasa huenda nikajirudisha mwenyewe, na ni vizuri ulijue hilo mapema ili uupime uzito wa jambo. Dada yangu Marged, ambaye bado yuko kwenye shamba tulikozaliwa, ameniomba nirudi nyumbani. Chumba cha mama kiko tupu, kina dirisha linalotazama mtoni, na Marged amechoka kuongea na paka. Wapo pia mume na mke kutoka ng'ambo ya mpaka wanaoitaka nyumba yangu, na wanataka jibu kabla ya tarehe thelathini mwezi huu. Mpaka wiki ya Pentekoste nilikuwa sijaamua. Emlyn amelala kwenye makaburi yenu, na kila kitu kinachoota bustanini nimekipanda mimi. Upande wa pili, mkataa kwao ni mtumwa. Nilikuwa nimekaa katikati kama mtu aliyepanda uzio na kuona aibu kushuka upande wowote. Bwana Ithel Prydderch ndiye aliyenisukuma, na alifanya hivyo kwa neno hilo.

Naomba niyapange mambo kama yalivyotokea.

Klabu yetu ya baiskeli, kila Pentekoste, hufanya safari ya siku tatu. Mwaka huu kwa mara ya kwanza ilikubaliwa twende kusini, kwetu, na siku ya tatu tule chakula cha mchana kwa Marged. Tulikuwa watano. Bwana Ithel, tarishi mstaafu wa posta, ndiye kiongozi. Guto na Beti walikuwa juu ya baiskeli yao ya watu wawili, ambayo Beti anaapa kwamba Guto, anayekaa nyuma, hajawahi kuikanyagia pedali kwenye mlima wowote tangu harusi. Mchungaji alikuwepo, na hushuka miteremko akiwa amefumba macho, jambo ambalo wengine huliita imani. Na mimi, ambaye kwa safari hii tu nilijihesabu mwenyeji.

Siku mbili za kwanza sina la kulalamikia. Bwlch y Groes, ile njia ya juu milimani, tuliipanda kwa miguu tukisukuma baiskeli, kama watu wenye akili timamu, huku kondoo wakitutazama kwa huruma. Mvua ilinyesha, ikapumzika, ikakumbuka kitu, ikarudi. Tulilala Machynlleth, tukalala Tregaron. Guto alipata pancha mbili na zote mbili alisema ni za Beti. Nilikuwa na furaha, Ndugu Mhariri, na naitaja kwa sababu ni miaka minne sijaitaja.

Kila asubuhi Bwana Ithel alitugawia kadi za njia alizoandika kwa mkono, kwa mtindo wa mtu aliyesoma anwani za wengine kwa miaka arobaini. Kadi ya siku ya tatu nimeiambatanisha kama kielelezo. Mstari wake wa mwisho unasema: Daraja la mawe. Kushoto. Panda allt. Chai juu.

Sasa naanza kuhesabu makosa.

1. Kosa la kwanza ni la neno lenyewe. Kwa faida ya vijana, ambao siku hizi hawaulizi, nieleze kwamba kwetu kusini allt ni msitu, yaani miti iliyoota ubavuni mwa mlima. Mababu walilitumia hivyo, na miti nayo inakubali. Kwenu kaskazini allt ni mlima wenyewe, ni barabara inayopanda, hata kama haina mti, hata kama haina kichaka cha kujikingia kondoo mmoja. Mtu wa kwenu anaweza kusimama mbele ya kilima chenye upara kama wa Guto akakiita allt na uso wake usibadilike.

Utaniuliza kama nilikuwa sijui. Nilikuwa nimesikia. Lakini kuna kusikia na kuna kukubali. Nimeishi kati yenu nikiwasamehe mengi. Mnalo neno lenu la "sasa" ambalo ni letu likiwa limegeuzwa nyuma mbele, kana kwamba mliliona kwenye kioo. Mnayo maziwa mnayoyaita kwa jina ambalo mimi, nilipolisikia mara ya kwanza, nilidhani ni ugonjwa wa ng'ombe. Kwenye nyumba yangu yalikuwepo majina mawili ya maziwa na jagi moja. Emlyn alisema lake, mimi nikasema langu, kila asubuhi, miaka thelathini, na jagi halikuwahi kulalamika. Tangu afariki hakuna anayenibishia juu ya maziwa. Ningependa kubishiwa. Lakini hilo si lalamiko, nimeliandika tu kwa kuwa kalamu ilikuwa hapo.

2. Kosa la pili ni kubwa zaidi, na Bwana Ithel hajui kwamba alilitenda.

Ukishavuka lile daraja la mawe, kushoto kuna njia mbili. Ya kwanza ni barabara ya lami inayopanda mlima mtupu, ukali wake kama ngazi ya kupandia darini. Ya pili ni njia ya udongo inayoingia Allt y Cnau, msitu ambao mimi na Marged tulikuwa tukiokota kokwa kila Septemba, sketi tumezifunga fundo kwa mbele. Njia hiyo zamani ilipita katikati ya miti hadi juu kabisa, ikatokea nyuma ya shamba letu. Mwezi wa Februari, jikoni kwangu, nilimsimulia Bwana Ithel habari za msitu huo. Nilimsimulia kwa kirefu. Alimaliza vipande vitatu vya bara brith, mkate wangu wa zabibu, nami nikiwa bado kwenye kokwa. Alitikisa kichwa tu, kama anavyotikisa kwa kila mtu.

Wenzangu walikuwa wametangulia. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye geti la shamba moja kabla ya daraja nikiongea na mtoto wa jirani yetu wa zamani, nikimfahamisha kwamba ule msafara ni wa wageni wangu. Niliwaambia wenzangu: "Tangulieni, tangulieni! Hapa mimi napajua kama kiganja changu." Naomba sentensi hiyo usiichape.

Basi nilipofika darajani peke yangu, nikasoma kadi, Panda allt, nikaiona ile njia ya udongo ikiingia mitini. Ndugu Mhariri, nilidhani amekumbuka. Nilidhani mtu yule asiyesema kitu alisikiliza kila neno nililosema Februari, akachora njia nzima ya siku tatu ili anipitishe kwenye msitu wa utoto wangu. Nilisimama pale daraja liko nyuma yangu na machozi yakanitoka, machozi mazuri, ya kushukuru. Nilimwona Ithel kuwa mtu mwenye moyo mkubwa kuliko nilivyodhani. Nikapanda baiskeli nikaingia.

Kumbe alimaanisha mlima tu. Mlima wa lami, wa mtu yeyote.

Nadai machozi yale. Nilimpa kwa jambo ambalo hakulifanya.

3. Kosa la tatu ni hasara na maumivu, nitaeleza kwa kifupi kwa sababu nyama inauma. Njia ile ilikwisha baada ya dakika kumi. Haikukatika, ilikonda tu, mpaka ikawa ni wazo. Mbele kulikuwa na miiba, na kangaga zimenifika mabegani, na miti iliyoanguka ikalala pale ilipotaka. Niliibeba baiskeli. Nimewahi kubeba sufuria za watoto themanini, lakini sufuria haina usukani wa kukuchoma mbavu. Nilivuka kijito. Nusu saa baadaye nikavuka kijito, na safari hii nilikitambua. Gurudumu la mbele liliingia kati ya visiki viwili likapinda kama sahani ya bati. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi; naongeza kwamba hapana fundi baiskeli pia. Simu haikupata mtandao. Nilikaa kwenye gogo, maili tatu kutoka kitanda nilichozaliwa juu yake, nikawa sijui kaskazini ni wapi na kusini ni wapi. Hapo nililia tena. Hayo machozi ya pili simdai Bwana Ithel. Yalikuwa ya kwangu.

4. Kosa la nne ni la kelele. Baada ya kuningoja kileleni, uani kwa Marged, mpaka chai ikapoa, Bwana Ithel alishuka mlima wake, akaingia msituni kwa miguu, akaanza kuniita. "Tegweeen! Tegwen, mama, uko wapi? Piga kengele!"

Nilimsikia. Kengele nilikuwa nayo, kidole kilikuwa juu yake. Sikuipiga. Aliyepotea akiitika amekiri kwamba amepotea, na mimi nilikuwa kwetu. Mtu hapotei kwao. Aliita kwa muda wa saa nzima. "Tegwen! Kama umekasirika, sema tu umekasirika!" Wakulima wa mashamba matatu walitoka kutazama kuna nini, na kufikia jioni bonde lote lilikuwa na taarifa kwamba binti wa shamba letu la Pantyrhedyn karudi nyumbani na kashindwa kufika. Mpaka leo sauti ya Bwana Ithel haijarudi sawasawa. Anaongea kama bawaba isiyotiwa mafuta. Nasema wazi kwamba sauti hiyo aliipoteza kwa hiari yake na sitailipia.

5. Mapokezi. Nilitokea kwa upande wa banda la nguruwe, kupitia shamba la jirani, nikifuatwa na ndama tisa waliodhani nimewaletea kitu. Uani kwa Marged meza ilikuwa imewekwa, na wenzangu walikuwa na vijiko mikononi. Cawl, supu yetu ya kondoo, ilikuwa imefika chini ya sufuria.

Beti ndiye aliyeniona kwanza. "Hee! Mwenyeji wetu huyo! Karibu nyumbani, shoga, tumekubakizia mfupa."

Guto, ambaye kwenye mlima hana pumzi lakini mezani anayo tele, akasema, "Wageni tumefika, mwenyeji kapotea. Hii haijawahi kutokea tangu dunia iumbwe." Mchungaji alianza kusema jambo kuhusu kondoo mmoja na wale tisini na tisa, lakini mdomo ulikuwa umejaa na hatukuusikia mwisho wake.

Na Marged, damu yangu, aliyeniandikia niende kuishi naye, alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi na kujifuta macho na aproni. "Tegwen! Miaka thelathini na nne uko kwao na hujajua mlima wanauitaje? Kwani kule ulikuwa unaongea na nani, kuku?"

Nilijibu kwa fahari, na fahari hiyo nairudia hapa kwa maandishi. Nilimwambia kwamba miaka thelathini na nne nimeishi kaskazini na hakuna neno lao hata moja lililonishika. Ulimi wangu nilikwenda nao na nimerudi nao, mzima, kama mwavuli ambao mtu hakuusahau kwenye gari moshi. Beti alinitazama vibaya kidogo. Sikujali.

Bwana Ithel alifika wa mwisho, kangaga kwenye nywele, viatu vimejaa maji. Alinitazama toka juu mpaka chini, akaona nina miguu miwili, akapumua. Kisha akasema kwa kile kilichobaki cha sauti yake: "Allt ni allt, Tegwen." Akaketi, akanywa chai ile iliyopoa. Mpaka ninapoandika, hayo ndiyo maelezo yake yote.

6. Kosa la sita linaendelea mpaka sasa. Tangu turudi, Bwana Ithel hajaniomba radhi. Badala yake amekuwa akija nyumbani kwangu na vifaa. Jumatatu alikuja na bisibisi. Jumatano alilichukua gurudumu langu, akaondoka nalo begani bila kuaga, akalirudisha limenyooka, lina spoki sita mpya. Jana nilikuta mnyororo umetiwa mafuta na pembeni kuna kikapu cha viazi vipya na kijiti cha maua ambacho kwa kuwa hakikuwa na kadi sitasema kimetoka kwa nani. Nilimwambia kupitia dirishani: "Bwana Ithel, mimi nataka neno, sitaki spoki." Akajibu, "Breki ya nyuma nayo imelegea," akainama. Utamfanyia nini mtu wa namna hiyo? Ukimkasirikia unakuta ameshakutengenezea kiti.

Kwa sababu zote hizo, kupitia gazeti lako, nawasilisha maombi yafuatayo, ambayo naona ni ya wastani.

Kwanza, Bwana Ithel aombe radhi kwa maandishi, ukurasa wa mbele, kwa maneno yasiyopungua hamsini. Najua kwa mwaka mzima hatumii zaidi ya arobaini, hivyo anaweza kuazima kumi kwa Beti.

Pili, kaskazini yote iache kuuita mlima kwa jina hilo. Nimefikiri sana jinsi ya kulitekeleza hili bila kuwaumiza, nikaona kwamba kuna njia mbili tu. Ama kubadilisha neno, ama kubadilisha milima. Kwa kuwa nawafahamu, najua neno hamtabadilisha. Basi napendekeza kila mlima wa kaskazini unaoitwa allt upandwe miti kuanzia chini hadi juu, ili neno liwe kweli. Mialoni itakuwa imeshika vizuri baada ya miaka themanini, na mimi niko tayari kusubiri.

Tatu, mpaka miti hiyo ikue, mtu yeyote wa kaskazini anayekwenda kusini kwa baiskeli afuatane na mkalimani. Mkalimani awe na kengele mbili, moja kwa mlima na nyingine kwa msitu. Niliwahi kufikiria firimbi lakini Guto angeimeza.

Nne, uchorwe mstari mweupe kukatiza nchi, mashariki hadi magharibi, kuonyesha mahali hasa ambapo msitu unageuka kuwa mlima. Marged anadhani ni karibu na Machynlleth. Mchungaji anadhani ni ndani ya mto Dyfi, ambako rangi haitashika, lakini hilo ni tatizo la wahandisi. Rangi aichanganye Bwana Ithel, na aichore mwenyewe kwa brashi ndogo. Ikiwa mstari utapita katikati ya nyumba ya mtu, wenye nyumba wachague watalala upande gani, na wakishindwa kuelewana watenganishwe. Ikiwa utapita katikati ya kondoo, asubiriwe asogee.

Tano, na hili ndilo la mwisho, maombi manne hayo yakikataliwa, basi nchi igawanywe kabisa, na mimi nirudishwe kwangu pamoja na bustani yangu, udongo wake, jagi langu la maziwa, na kaburi la Emlyn. Najua kaburi ni gumu kuhamisha. Ndiyo maana nimeliweka mwisho.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Bwana Ithel amejikwaa ulimi, mimi nikalipa kwa vidole kumi. Nisipoona majibu ya kuridhisha kabla ya tarehe thelathini, nitawapa wale mume na mke ufunguo wa Pen Rhos, nami nitakwenda kuishi kati ya watu ambao wakisema msitu kuna miti. Sitaki kuondoka, Ndugu Mhariri. Nalisema hilo kwa sababu barua ya malalamiko inatakiwa kuwa ya kweli. Lakini mtu hawezi kuzeeka mahali ambapo hata kuhusu mlima hawaelewani naye, na nyumba ambayo hakuna wa kubishana nawe ni kubwa mno kwa mtu mmoja.

Alhamisi tunapokutana kukunja magazeti yako msinihesabu. Keki nitaleta, ili asije mtu akasema nilisusa, lakini nitaiacha mlangoni.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie mkeo, walimu wote wa shule, wanakwaya wa sauti ya pili (wa sauti ya kwanza watajijua wenyewe), mama wa duka, daktari wa mifugo, Beti lakini si Guto, Mchungaji pale atakapofumbua macho, na kila atakayeniuliza. Bwana Ithel usimsalimie. Atakuwa amesimama karibu na atasikia.

Wako katika uraia mwema na lugha iliyonyooka,

Tegwen Probert (Bi.)

N.B. Barua hii usiichape. Bahasha nilikuwa nimeshaifunga na kuibandika stempu, nikaichana, ndiyo maana imekufikia ikiwa imefungwa kwa uzi wa kushonea.

Nilimpigia Marged simu kumwambia nimeamua, nakwenda. Nilianzia mbali kidogo, kama mtu anavyofanya akiwa na jambo zito. Nikamwambia kwamba leo asubuhi nimeijaribu baiskeli kwa mara ya kwanza tangu itengenezwe, na gurudumu halina kasoro, na nimeipanda allt ya nyuma ya kanisa mpaka juu kabisa bila kushuka hata mara moja, jambo ambalo Emlyn mwenyewe hakuwahi kuliweza.

Nilimsikia Marged akivuta kiti.

"Umepanda baiskeli ndani ya msitu?" akaniuliza, sauti ya upole kabisa, ile anayoitumia kumkaribia kuku. "Na huo msitu umeota lini, dada? Nilipokuja kumzika shemeji, pale nyuma ya kanisa palikuwa na nyasi tupu."

Nilitaka kumwambia amesikia vibaya. Kumbe alisikia sawasawa. Nilikuwa sijaliwaza neno lile, Ndugu Mhariri. Lilikuwa limetoka lenyewe, kama mtu anayetoka mlango wa mbele wa nyumba yake. Sijui limekaa humo tangu lini. Nilimsikia akijizuia kucheka, kisha nikamsikia akiacha kujizuia, kisha nikasikia kwamba mwishoni hakuwa anacheka sana.

"Haya, mama wa kaskazini," akasema. "Niambie basi. Chumba cha mama nikipake rangi, au niweke viazi?"

Nikamwambia aweke viazi.